Kisiwa cha Maulid

Mtu akikwambia Maulid Hafidh alikuwa mwongo, mlete kwangu kwanza. Nilimpikia miaka miwili na nusu, namjua. Uongo alisema mmoja tu, na huo tuliusema wote wawili, mimi nikisoma na yeye akiandika.

Naitwa Sesilia, kwetu Morogoro. Mwaka wa tisini na sita nilikodi vyumba viwili Sanyuanli, ghorofa ya tano, ngazi unapanda kwa miguu, nikaanza kuwapikia watu wetu waliokuwa wakija Guangzhou kununua mali. Chumba kimoja nalala, kingine nimeweka meza mbili na viti vya plastiki. Wakati huo hatukuwa wengi. Mchina akikuona njiani alisimama kabisa, akakutazama mpaka akatosheka, ndipo akaendelea na safari yake. Mimi nilikuwa namtazama vilevile mpaka nitosheke.

Maulid siku ya kwanza alifika mlangoni asiingie. Mwembamba, kofia ya kiua kichwani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Samahani dada," akasema, "kuku wako kachinja nani?"

"Kachinja Mwislamu," nikamjibu, na siku hiyo nilikuwa nimechoka. "Yule Mchina mwenye kofia nyeupe anayeuza karibu na msikiti. Nikamwite aje akuapie?"

Akacheka kwa pua, akaingia, akakaa kwenye meza ya dirishani, mgongo ukutani. Tangu hapo kiti kile kikawa chake, na habari ya kuku haikurudi tena.

Alikuwa mtu wa Wete, Pemba. Wafanyabiashara wa Unguja na Dar walimweka awatunzie godauni lao, mtaa wa pili kutoka kwangu. Wao walikuja, wakazunguka masoko ya Zhanqian na Shahe siku kumi, wakanunua, wakapanda ndege wakarudi kwa wake zao. Mali ilibaki ikingoja kontena lijae, na Maulid alibaki na mali. Alilala humohumo, nyuma ya maboksi, kwenye kitanda cha chuma. Ukiitazama vizuri, kazi yake hasa ilikuwa ni kubaki.

Kazi nyingine ilikuwa kubandika lebo. Kila tajiri alikuwa na alama yake, huyu birika, yule nanga, mwingine mwezi mchanga, ili mali zikichanganywa kwenye kontena moja, kule bandarini mtu asibebe cha mwenzake. Lebo zote Maulid aliziandika kwa mkono, na gundi alipika mwenyewe: unga wa ngano, maji, na shabu kidogo. Gundi ya dukani hakuitaka hata kuisikia.

"Lebo yangu mimi, dada Sesilia, inavuka bahari haibanduki," alikuwa akisema. Na watu wa Dar walikuwa wakithibitisha. Boksi linafika limebonyea, limelowa, limechanika pembe, lebo ya Maulid ipo palepale. Ukitaka achangamke, ulimuuliza habari za lebo. Ukimuuliza habari za nyumbani, macho yalishuka kwenye sahani.

Ilinichukua miezi kumjua. Mkewe alifariki kwa homa. Binti yao Lulu alimwacha na miaka saba, kwa mama yake Maulid, Bimkubwa. Siku ya kuondoka mtoto alimuuliza, "Baba, huko Uchina kuna karafuu?" Akamjibu zipo. "Na bahari?" Akamjibu ipo. "Basi si mbali," mtoto akasema, akaenda zake kucheza. Maulid aliponisimulia hayo aliacha kula. Alikuwa ameahidi kumwandikia mahali anapokaa palivyo, na mwaka mzima ulikuwa umepita hajui aandike nini. Barua alimpelekea, za salamu na za kumsisitiza asome. Lakini mahali alikuwa hajapasema.

Basi, mwishoni mwa tisini na saba, akawa anafunga glasi za tajiri mmoja. Mwenye kiwanda cha uchapaji cha jirani alikuwa akimpa makaratasi yaliyoharibika ya kujazia kati ya glasi zisivunjike. Siku hiyo katika makaratasi mlikuwa na postikadi bunda zima, na kitabu kidogo cha watalii ambacho jalada lake lilishonwa juu chini. Rangi ilizidi kijani, ndiyo maana vilitupwa. Maulid akaja navyo mbio mpaka ghorofa ya tano, akasahau hata kunisalimia.

"Dada, tazama! Kungumanga!"

Kweli, kwenye kadi kulikuwa na wanawake weusi wamekaa kwenye banda refu wanachambua kungumanga, na basibasi, lile ganda lake jekundu la ndani, imeanikwa pembeni. Akaisogeza ile kadi puani, mtu mzima, akainusa.

"Wapi hapa?" akauliza. Kiingereza hakukijua.

Nikamsomea. Grenada. Kisiwa kule Karibi, upande wa Amerika. Watu wake wengi asili yao Afrika, wanalima viungo. Akakaa kwenye kiti chake, akaniomba niendelee, na mimi nikaendelea mpaka mchuzi ukashika chini.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida yetu. Wateja wakishaondoka, saa tisa alasiri, navua aproni, nakaa mbele yake, tunazuru kisiwa. Kitabu kilikuwa kinamwongoza mgeni hatua kwa hatua. Anza na mji wa St. George's, utaona nyumba zimepanda mlima kuizunguka bandari. Panda kwenye ngome iliyojengwa na Wafaransa, mizinga yao bado inaelekea baharini. Kisha nenda ndani ya kisiwa, kwenye maporomoko ya Annandale, maji yanashuka katikati ya mimea na unaweza kuoga chini yake. Mgeni anashauriwa avae viatu visivyoteleza. Zaidi juu, msituni, kuna ziwa la Grand Etang, limejaa kwenye tundu la mlima uliowahi kutoa moto, na wenyeji husema kina chake hakina mwisho. Maulid alisikiliza huku amefumba macho. Nami, sioni haya kusema, nilikuwa naisubiri saa tisa tangu ninapoamka.

Msitu ule una nyani wadogo. Kitabu kilisema mababu zao waliletwa na meli za watumwa kutoka Afrika Magharibi.

"Na mpaka leo wapo huko?" Maulid akauliza.

"Wapo."

"Hawakurudi?"

"Sasa watarudi na nini, Maulid?"

Akasema, "Masikini," akaniomba nifunge kitabu kwa siku ile.

Kadi ya kwanza alimwandikia Lulu habari za maporomoko. Najua ilivyoandikwa kwa sababu alinisomea: "Mwanangu Lulu, leo nimekwenda kuoga kwenye maporomoko. Maji yake baridi. Nilivaa viatu visivyoteleza. Baba yako." Kisha akakata lebo nyembamba, akapaka gundi yake, akayafunika maandishi ya Kiingereza mbele na nyuma, na juu ya lebo akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Guangzhou.

Nilimwambia, "Wewe, si ukanunue kadi za hapa pale stesheni? Zimejaa tele."

"Zile zina majumba marefu," akanijibu. "Akiyaona atajua nimepotea. Hapa pana miti, pana bahari, pana kungumanga. Akipaona hapa atalala."

Ningemkatalia. Nilikuwa na mdomo, na nina mdomo mpaka leo. Lakini ningemkatalia, saa tisa yangu ingekwisha, na mimi pia nilikuwa mtu wa kubaki. Kwa hiyo nilimpa kalamu.

Kadi ile ilichukuliwa na Abdulsamad, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuwa akija kila baada ya miezi mitatu. Ndiye aliyekuwa posta yetu. Akarudi na jibu la Lulu kwenye karatasi ya daftari: maporomoko marefu kuliko mnazi? Wakati wa kuoga nguo ulimwachia nani? Maulid alicheka mpaka akajifuta macho. Tukafungua kitabu kutafuta urefu wa maporomoko. Aliandika kadi ya pili, na ya tatu. Abdulsamad akaondoka na ngome, na ziwa, na wale wanawake wa kungumanga. Kadi moja tu hakuitaka, ya genge la Sauteurs, jabali refu ambako wenyeji wa kale walijirusha baharini wasishikwe na Wafaransa. "Hii si ya mtoto," akasema, akaitia chini ya godoro lake.

Idi ya mwaka wa tisini na nane iliangukia palepale kwenye mwaka mpya wa Kichina. Mtu asiyewahi kuishi Guangzhou hawezi kujua maana yake. Mji wote ulifungwa. Mlango wa chuma wa kila duka chini, wafanyakazi wamerudi vijijini kwao, mitaani unasikia viatu vyako mwenyewe. Wafanyabiashara wetu hakuna hata mmoja. Maulid alitoka kuswali Idi na Waislamu wa Kichina, akapanda ngazi zangu, akakaa kitini pake. Nilimpikia pilau, mimi Mkristo, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumpikia. Tulikula watu wawili kwenye meza mbili tupu. Baada ya chakula akatoa kadi ya ufukwe, akaandika: "Lulu, leo Idi, watu wametembea ufukweni kwa makundi, wamependeza. Nami nilikuwa nao." Aliandika pole pole, na alipomaliza alikaa nayo mkononi muda mrefu. Niliondoa vyombo nikaenda kuviosha.

Zikaenda kadi saba kwa jumla. Mwezi wa nane Abdulsamad akaja, jasho linamtiririka kwa lile joto la Guangzhou, na hakutaka kukaa.

"Bi Sesilia, Maulid yupo?"

"Huyo hapo anakula."

Akaweka bahasha mezani kando ya sahani. "Mimi nimetumwa tu, ndugu yangu," akasema, akaenda kusimama dirishani.

Ndani mlikuwa na kadi zote saba, na barua. Kadi hazikuwa na lebo. Pale zilipokuwa lebo palibaki alama ya kahawia, na kila moja ilisomeka wazi: Grenada, Grenada, Grenada.

Maulid alisoma barua kimya, kisha akanisukumia. Lulu aliandika kwamba kadi alizipanga ukutani jikoni kwa Bibi yake. Sisimizi wakaila gundi, lebo zikadondoka moja moja. Mwalimu akawasomea maandishi, wakafungua atlasi ya shule, wakapata kisiwa hicho kule Amerika. "Sasa watu wanasema huko Uchina hukuwahi kufika. Wanasema umeoa kisiwani na una watoto wengine, na ndio uliokwenda nao ufukweni siku ya Idi. Bibi halali. Baba, nakurejeshea kadi zako. Nambie uko wapi."

Unajua mtu huyu alisema nini kwanza? Alichukua ile kadi ya maporomoko, akapitisha kidole pale kwenye alama, akasema, "Lebo yangu imebanduka."

Hapo ndipo hasira ikanipanda. "Imebanduka! Gundi ya unga, kwenye karatasi inayong'aa, ukutani jikoni Pemba, ulitarajia nini? Mtoto anakuuliza uko wapi, wewe unalia lebo!"

Kweli alikuwa analia. Nilikuwa sijaona. Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, nimweleze niko wapi? Nimwambie nalala nyuma ya maboksi?"

"Ndiyo!"

"Nimwambie simjui mtu?"

Nikakaa. Hasira yote ikaniishia, maana hilo la mwisho lilinigusa mimi vilevile, na nusu ya uongo ule ilikuwa yangu. Nikamwambia hivyo, kwamba makosa tumeyafanya wote, na kwamba mtoto hakuuliza habari za maporomoko, ameuliza habari za baba yake. Yaani kule kaburini wanakosema amezikwa sahaba wa Mtume ni nusu saa kwa miguu kutoka hapa, kila Ijumaa yupo pale, halafu anamwandikia mwanawe habari za nyani wa Amerika!

Abdulsamad akageuka kutoka dirishani. "Mimi nina kamera," akasema.

Jumapili tulizunguka watu watatu. Maulid alivaa shati jeupe. Abdulsamad alimpiga picha mbele ya mlango wa godauni, mkono mmoja juu ya kufuli. Akampiga kwenye kitanda cha chuma, maboksi yenye birika na nanga nyuma yake. Akampiga kwenye ngazi zangu, na kwenye kiti chake, nami nimetokea nusu na mwiko. Kule kaburini kwa sahaba kuna bustani ya mianzi, na mzee wa Kichina mwenye kofia nyeupe alikubali kusimama naye. Mwisho Maulid mwenyewe akasema tumfuate. Akatupeleka kwenye daraja la waenda kwa miguu karibu na stesheni ya reli, akasimama katikati, akashika chuma.

"Mbona hapa?" Abdulsamad akauliza. "Hapa pana nini?"

"Ndipo ninapokuja," Maulid akasema.

Picha zilisafishwa siku ileile. Alipokaa kuandika, sikuona gundi wala lebo. Aliandika kwa kalamu nyuma ya kila picha, na aliandika vile kitabu kilivyotuzoesha. "Mlango huu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Ndani kuna giza, mgeni angoje macho yazoee." "Ngazi ni tisini na mbili, mgeni apumzike ghorofa ya tatu. Juu kuna dada Sesilia, mkali, lakini chakula chake halali." Hiyo nilimlaumu, akakataa kuifuta. Nyuma ya picha ya daraja aliandika: "Hapa baba yako husimama siku ya mapumziko, akatazama watu wanaokwenda kwao. Hakuna kiingilio."

Abdulsamad akaondoka nazo. Miezi mitatu ile ndiyo ilikuwa mirefu kuliko yote. Maulid alikuja kula, akaondoka. Kitabu hatukukifungua. Aliniuliza mara moja tu kama mtoto wa miaka tisa anaweza kumchukia mtu moja kwa moja. Nikamwambia hapana, lakini sikuwa na hakika, naye alijua.

Jibu lilikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Abdulsamad safari hii alikaa kabisa, akaomba maji. Maulid hakutaka kuifungua barua, akanipa mimi.

Nikasoma: "Baba, picha tumezipata. Bibi kazibusu zote. Mimi nilimuuliza huyu mzee aliyesimama mlangoni ni nani, akaniambia ndiye wewe. Sikukujua. Nisamehe. Sasa nakutazama kila siku kabla ya kwenda skuli, nisije nikakusahau tena. Wale watu unaowatazama darajani wanaokwenda kwao, waulize wanapandia wapi, na wewe upande."

Nilisoma mpaka mwisho bila sauti kunikatika, hilo najisifu nalo. Maulid alikaa vile vile, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Kisha akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Abdulsamad," akasema, "safari hii utafute mtu mwingine wa kubaki."

Aliondoka Desemba, kabla ya Ramadhani. Nilimsindikiza mpaka chini, ngazi zote tisini na mbili. Hakuwa na mzigo mkubwa: nguo, barua za Lulu, na mfuko wa pipi. Kadi saba aliniachia, na kitabu. "Soma, dada," akaniambia. "Kuna ile sehemu ya ziwa jingine hatukuimaliza." Nikamwambia aende zake asije akaachwa na ndege. Nilisema kwa ukali, kwa sababu nisingesema kwa ukali ningemshika shati.

Mwaka uliofuata wateja waliongezeka, Wakongo nao wakaanza kuja, nikaongeza meza ya tatu. Lakini saa tisa alasiri watu huondoka, na mimi huvua aproni, nikakaa. Kiti cha dirishani kipo. Kitabu kipo kabatini, jalada lake juu chini. Ile sehemu ya ziwa jingine bado sijaisoma. Niisome nimsomee nani?